Aliyeuza Mlango wa Fundi

Inspekta alizipanda ngazi za nyuma za ukumbi wa sataranji, akazishuka, akazipanda tena. Safari hii alipofika juu hakushuka. Alikunja sketi yake, akachuchumaa pale ukingoni ngazi zinapoanzia, akainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano.

"Koplo, hebu niambie. Mtu hushukaje ngazi?"

Koplo alikuwa chini, karibu na doa la damu lililokwisha kukauka na kugeuka rangi ya kutu. Alimtazama mkubwa wake kwa wasiwasi, akihisi kuna mtego.

"Kwa miguu, afande."

"Anatazama wapi?"

"Mbele. Anakokwenda."

"Basi njoo utazame hapa."

Pale ukingoni palikuwa na mikwaruzo miwili myeusi, mifupi, imelala sambamba. Fundi saa, ambaye jana jioni aliokotwa chini ya ngazi hizi kichwa kimepasuka na fahamu zimemtoka, alikuwa amevaa viatu vya soli nyeusi ya mpira. Inspekta alikuwa ameviona viatu hivyo hospitali, chini ya kitanda, na visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka.

"Alizipa ngazi mgongo," Inspekta alisema. "Alisimama hapa anaongea na mtu, uso kwa uso. Na mtu huyo hakumwogopa. Huwezi kurudi kinyumenyume mpaka kwenye shimo mbele ya mtu unayemwogopa."

"Kwa hiyo hakuteleza."

"Mtu hatelezi kinyumenyume."

"Basi ni Wakili," Koplo alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kwenda kunywa chai. "Shemeji amemwona kwa macho yake akitokea huku nyuma. Na yeye ndiye aliyecheza na Fundi jana. Ugomvi wa mchezo huo."

"Ugomvi wa mchezo huanzishwa na aliyeshindwa, Koplo. Wakili alishinda."

Shemeji aliyetajwa hakuwa shemeji wa Koplo, wala wa mtu mwingine yeyote pale ukumbini ila Fundi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mwembamba, mpole wa sauti, mdogo wake mke wa Fundi. Lakini kwa kuwa Fundi alikuwa akimwita hivyo kwa sauti kubwa kila jioni waingiapo, jina lilimganda, hata mama mtunza ukumbi, aliyeweza kumzaa, alimwita Shemeji. Yeye ndiye aliyemkuta Fundi pale chini na kumbeba mpaka barabarani. Asubuhi hiyo alikuja kutoa maelezo akiwa bado na shati la jana, mkono wa shati umeganda damu, macho mekundu.

"Mkamateni tu Wakili, Inspekta," alikuwa amesema, akijifuta kamasi kwa kitambaa. "Mimi sina la kuongeza. Narudi hospitali nikakae na shemeji, akizinduka asijikute peke yake."

Inspekta alimwonea huruma, akamruhusu aende.

Wakili walimkuta ukumbini, ameketi meza ya mwisho, koti amelitundika kwenye kiti. Mkononi alikuwa na mkwaruzo, na Koplo aliutazama mkwaruzo huo kama mtu aliyeokota dhahabu.

"Paka," Wakili alisema kabla hajaulizwa. "Na ndiyo, nilipita ngazi za nyuma. Gari langu hulala uani. Nilipita wakati Fundi bado ameketi hapa hapa. Muulizeni mama."

Mama mtunza ukumbi alikuwa anapanga vikombe. Hakusubiri kuulizwa mara mbili. "Ni kweli. Wakili aliondoka anapiga mluzi. Fundi alibaki anautazama ubao mpaka nikafagia chini ya miguu yake. Nikamwambia, Fundi, inua miguu. Akainua, hakusema kitu. Nikamaliza kufagia, nikapika chai, nikaenda kwangu, nimemwacha hapo."

"Alisema lolote kabla?"

"Alisema 'nimeuzwa.' Nilidhani ni maneno ya mtu aliyeshindwa."

Inspekta alivuta kiti, akaketi mbele ya Wakili. Alisukuma ubao kati yao, akaanza kupanga vipande. Vidole vyake vilijua kazi. Baba yake alimfundisha sataranji kabla hajamfundisha kufunga kamba za viatu, na alikuwa hampunguzii kwa kuwa ni mtoto.

"Nionyeshe," alisema. "Nitacheza upande wa Fundi."

Wakili alitabasamu. Ilionekana alikuwa akingoja mtu wa kumwomba hivyo. "Ni mfupi. Chai haikupata nafasi ya kupoa."

Kila aliyecheza katika ukumbi ule aliujua mwanzo wa Fundi. Badala ya kufungua katikati kama watu wenye akili zao, alikuwa akimsukuma mbele nyumba mbili askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme, yule ambaye wazee wa mchezo huonya asiguswe. Ilikuwa kama mtu kuacha mlango wa nyumba wazi huku anamwona mwizi barazani. Wageni walicheka, kisha wakaingia, kisha wakafungiwa humo ndani. Mwaka uliopita gazeti moja liliandika habari zake na kuupa mwanzo huo jina la Mlango wa Fundi, na mwaka huu Fundi alikuwa ameutumia kufika fainali ya jana bila kupoteza hata mchezo mmoja.

Inspekta alimsukuma askari. Wakili akajibu kwa askari wa katikati. Askofu wa Fundi akatoka kukaa kwenye mstari mrefu wa mshazari. Askofu wa Wakili akamla yule askari aliyeachwa wazi. Hatua mbili tatu zilizofuata zilikuwa za kawaida kwa waliomjua Fundi: askofu wake akaruka ubao mzima, akala askari, kisha akala ngome iliyolala kwenye kona ya Wakili.

"Hapa wengi hufa kwa woga," Inspekta alisema.

"Mimi sikufa." Wakili alimla askofu kwa malkia, na malkia akabaki pale konani.

Inspekta alisogeza askari mmoja, akafanya mambo mawili kwa mkupuo: akauziba mshazari usimwachie malkia njia, na akamtisha askofu wa Wakili. "Na hapa kila mtu humwondoa askofu wake."

"Kila mtu," Wakili alikubali. Akamwacha askofu wake aliwe, akamrusha farasi katikati ya ubao.

Inspekta alitulia. Aliutazama ubao, mdomo ukaachia kidogo. Akamla askofu, kama Fundi alivyomla jana, na askari yule alipoondoka kwenda kula, mshazari ukafunguka wote. Malkia wa Wakili akatoka kona ya juu, akavuka ubao mzima, akaangukia kona ya chini na kula ngome ya Fundi. Mfalme akasogea kulinda farasi wake. Farasi wa Wakili akaingia. Malkia akala tena, akamsogelea mfalme ubavuni. Inspekta alitoa farasi kumfukuza malkia, kama Fundi alivyofanya, na malkia akateleza nyumba mbili tu, akakaa mbele ya pua ya mfalme, farasi wake akimlinda kwa nyuma.

"Mati," Wakili alisema. Mfalme hakuwa na pa kukimbilia.

Hata Koplo, asiyejua farasi anaendaje, aliona kuwa kimepita kitu kizuri.

"Ni mchezo mzuri kuliko yote niliyowahi kuona humu," Inspekta alisema, na alimaanisha. "Ile hatua ya farasi ulifikiri muda gani?"

"Nilimwona tu."

"Watu wanasema hukufikiri hata kidogo. Wanasema ulicheza kama mtu anayemwaga maji."

"Ndiyo kipaji chenyewe, Inspekta."

"Turudi nyuma kidogo basi." Alivirudisha vipande mpaka pale farasi aliporuka katikati. "Tuseme Fundi hakumla askofu. Tuseme alisogeza huyu askari mdogo hapa, nyumba moja tu. Unafanyaje?"

Wakili alitazama. Alinyoosha mkono kwa malkia, akaurudisha. Akamgusa farasi, akamwacha. Kijasho kilianza kumtoka juu ya mdomo. Mama mtunza ukumbi aliacha vikombe akaja kusimama nyuma yake. Mwishowe Wakili alimchezesha askofu mahali ambapo mtoto wa shule asingemweka, na Inspekta akamla papo hapo.

"Ulikariri," Inspekta alisema. "Umefundishwa njia moja, na Fundi akaifuata. Nani alikupa?"

"Sio kosa la jinai kufundishwa sataranji."

"Sio kosa. Lakini kuna mtu hospitali hajui kama leo ni leo, na aliyekufundisha ndiye aliyekuwa naye pale juu ya ngazi. Ukinyamaza, unamficha. Hilo ni kosa, na wewe sheria unaijua kunishinda."

Wakili alilegeza tai. Ule ushindi wote ulimtoka usoni, akaonekana mtu wa makamo tu aliyechoka.

"Nilipigiwa simu wiki iliyopita. Akaniambia, weka ubao mbele yako. Nikaweka. Akanitajia hatua moja baada ya nyingine. Mtu alikuwa ananong'ona, nikadhani anaogopa kusikika sebuleni."

"Namba unaijua?"

"Naijua, ndiyo maana nilikaa kimya. Ni mteja wangu. Nilimshughulikia kesi ya kiwanja cha marehemu baba yao. Ni mke wa Fundi."

Koplo alipiga paja. "Nilijua! Mke! Afande, kesi za namna hii ukichimba sana unamkuta mke."

Mama mtunza ukumbi aliguna. "Yule mama hata jina la farasi halijui. Akija hapa huita vyote midoli."

"Nilishangaa na mimi," Wakili alisema. "Lakini namba ilikuwa yake. Na aliongea kama mtu wa ndani ya nyumba. Nilimuuliza, na Fundi asipomla askofu? Akacheka kwa chinichini. Akasema, 'Shemeji atamla tu. Hawezi kujizuia, tamaa yake naijua.'"

Inspekta alikuwa amekwisha kuinuka. Alisimama hivyo hivyo, mkono mmoja kwenye kiti.

"Rudia."

"'Shemeji atamla tu. Hawezi kujizuia.'"

"Una uhakika na neno hilo? Shemeji?"

"Kabisa. Nilidhani ameteleza ulimi. Humu ndani shemeji ni yule mwalimu, nikadhani majina yamemchanganya."

Inspekta alichukua kofia yake mezani. Walipofika mlangoni alimgeukia Koplo. "Mkeo anakuitaje?"

Koplo aliona haya. "Baba watoto. Akikasirika ananiita afande."

"Kaka yake je?"

"Kaka yake? Ananiita she..." Koplo alisimama kama aliyegonga ukuta. Rangi ilimbadilika. "Afande. Tumemruhusu akakae naye chumbani."

"Nimemruhusu mimi," Inspekta alisema. "Washa gari."

Koplo aliendesha huku mkono mmoja uko kwenye honi. Hospitali walipita mapokezi bila kusimama, na muuguzi aliyewafuata akilalamika kuhusu viatu vyao aliwaambia, katikati ya malalamiko, kwamba mgonjwa alifumbua macho muda si mrefu, kwamba mke ametumwa na mdogo wake duka la dawa ng'ambo ya barabara, na kwamba yule ndugu ameomba mlango ufungwe ili mgonjwa apumzike.

Mlango haukuwa na komeo, ila kiti kilikuwa kimeegeshwa kwa ndani. Koplo alisukuma kwa bega, kiti kikaanguka.

Fundi alikuwa hai. Kichwa kilikuwa kimezungushiwa bendeji mpaka kwenye nyusi, na macho yake, madogo na makavu, yalikuwa yanamtazama shemeji yake. Shemeji alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa Fundi kwa mikono yake yote miwili. Mashavu yalikuwa yamelowa. Hakushtuka kuwaona.

"Anasema hakumbuki kitu," alimwambia Inspekta, kwa sauti ya mtu anayeomba iwe kweli. "Nimemuuliza mara nyingi. Hakumbuki."

"Toka nje, Mwalimu. Tuzungumze."

Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwita hivyo nje ya darasa kwa siku nyingi. Aliuachia mkono wa Fundi taratibu, akatoka.

Kwenye korido alisimama akiegemea ukuta. Inspekta hakumzungusha. Alimwambia habari ya simu, ya mnong'ono, ya neno moja lililoponyoka. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho.

"Muulizeni yeye mlango ule aliuona nani," alisema. "Mimi ndiye niliyeuona. Jikoni kwa dada, siku ya mvua, umeme umekatika, tunacheza kwa mshumaa. Nikamwonyesha. Tukaukarabati pamoja kwa miaka. Na lile tundu lake, ile hatua ya farasi inayouvunja, tuliliona pamoja, tukaapizana tusimwambie mtu. Halafu gazeti likaja, likauita wake. Akalikata lile gazeti, akalitundika dukani kwake juu ya saa zote. Kila nikiingia pale nalisoma. Nilingoja aseme neno moja tu, kwamba tulikuwa wawili. Hakulisema."

"Ukamuuza."

"Nilitaka ashindwe mara moja. Kwa mlango huo huo, mbele ya watu. Halafu mambo yaishe, tuendelee kama zamani."

"Na ngazi?"

"Nilipokuja kumchukua nilimkuta peke yake. Alijua. Alikuwa amekwisha kujua pale farasi aliporuka, maana tulikuwa wawili tu duniani tunaoijua hatua ile. Nikakimbilia kule nyuma, akanipita, akanizibia njia pale juu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alinishika shati akaniuliza, 'Nimekukosea nini?' Anauliza hivyo hivyo tu, tena na tena. Nikamsukuma aniachie shati. Naapa, Inspekta, nilitaka aniachie shati."

"Kisha ukaja kwetu na jina la Wakili."

Mwalimu alikuwa anatazama nyuma ya Inspekta.

Mke wa Fundi alikuwa amesimama pale koridoni na mfuko wa dawa mkononi. Haikujulikana amesimama tangu lini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye uso wa upole, na alikuwa amemlea mdogo wake huyu tangu mama yao alipofariki, akamsomesha, akamtafutia chumba nyumbani kwake alipokosa pa kukaa.

"Simu yangu?" aliuliza. "Ulimpigia kwa simu yangu?"

"Dada..."

"Uliniomba simu, ukasema vocha imekwisha. Nikakupa, nikaenda kukupikia chakula." Sauti yake haikupanda. "Ili mambo yakiharibika, mwenye kosa niwe mimi."

"Sikufikiria hivyo, dada."

"Ulifikiria. Wewe ni mtu wa hesabu."

Koplo alitoa pingu. Mwalimu alinyoosha mikono bila kuambiwa, na dada yake akageuza uso ukutani mpaka ile milio miwili ya chuma ikaisha.

Inspekta aliwaacha hapo akaingia chumbani. Alikisimamisha kile kiti kilichoanguka, akakaa, akatoa karatasi na kalamu.

"Fundi, unanisikia? Nataka maelezo yako. Ilikuwaje pale kwenye ngazi?"

Fundi alilamba midomo. "Niliteleza."

"Ulikuwa umezipa ngazi mgongo."

"Niliteleza, dada yangu. Andika hivyo."

"Unakumbuka kila kitu," Inspekta alisema.

Fundi alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa. "Kwao wamebaki wawili tu. Yeye na mke wangu. Nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya ndugu aliyebaki. Nimekaa na mke huyu miaka mingi, hajawahi kuninyima kitu. Sasa mimi nimlipe hivyo?"

"Na yeye alipokusukuma?"

"Andika niliteleza."

Inspekta alijua mambo mawili. Mikwaruzo ya visigino na maneno ya koridoni yangemfikisha Mwalimu mahakamani, lakini wakili mzuri, na mmoja alikuwa anadaiwa fadhila na Mwalimu, angeyapangusa yote iwapo majeruhi mwenyewe angesimama na kusema aliteleza. Na alijua pia kuwa mtu huyu hatabadili neno. Aliweka ncha ya kalamu kwenye karatasi.

"Usiandike," sauti ilisema mlangoni.

Mke wa Fundi aliingia. Aliweka mfuko wa dawa juu ya kabati, akapanga chupa, moja, ya pili, kama mtu aliyeko jikoni kwake. Kisha akaketi pale ukingoni mwa kitanda alipokuwa ameketi mdogo wake, godoro likainama.

"Mama," Fundi alimwita, "ni ngazi tu. Zilikuwa na maji."

"Nyamaza." Alimfuta machozi mumewe kwa kiganja, upande mmoja, kisha upande wa pili. "Umeuzwa na mtu niliyemlea mimi. Sasa unataka na mimi nikuuze?"

Fundi aliushika mkono wa mkewe.

Yule mwanamke alimgeukia Inspekta, akanyoosha mkono akitaka kalamu.

"Mdogo wangu amesema alimsukuma. Amesema mbele yangu, nimesikia kwa masikio yangu. Andika hivyo, na uniambie mahakamani natakiwa kufika lini. Naweka sahihi wapi?"